Mfadhili Aliyekuja Kukana

Dada yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu kabla ya mengine yote, nisije nikasahau kama safari ile, ukanikumbusha kwa kirefu nani alimbeba nani mgongoni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wote, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepungua. Sisi huku hatujambo. Mama yu mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mchumba wangu anakusalimu sana. Wiki hii yuko zamu ya mchana wodini, na akirudi hulala na viatu.

Barua yako niliipata. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakasirika kidogo, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Uliuliza ni nani atakayesimama mahali pa Baba siku ya harusi yangu, kisha ukajijibu mwenyewe kwamba awe Baba Mdogo. Chini yake ukaongeza kwamba unajua nitamtaka Mfadhili, lakini mfadhili ni mfadhili na baba ni baba, na tusichanganye mambo. Dada, Baba Mdogo mara ya mwisho kuonekana kwetu ilikuwa siku ya mazishi, na aliondoka na redio. Mimi hata tukipishana njiani simjui. Ninayemtaka ni Mfadhili. Nilikuwa nikujibu hivyo kwa mkato, nimalize, lakini nilipokwenda kumwomba alikataa. Yaliyofuata baada ya hapo hayasemeki kwa simu, kwa hiyo jitafutie mahali pa kukaa.

Unaijua kazi yangu ya kamusi. Chumba chetu bado kiko juu ya duka la rangi, tunafafanua maneno huku vichwa vinauma kwa harufu. Mhariri wetu ni yule mama tunayemwita Bi Nukta, kwa sababu anaipenda nukta kuliko anavyotupenda sisi. Ana sheria moja asiyoivunja: hakuna neno linaloingia kwenye kamusi bila sentensi iliyotoka mdomoni mwa mtu. Sentensi ya kutunga mezani anaijua hapohapo, atakurudishia na kukuuliza nani kasema. Basi sisi kutwa tuko sokoni, gereji na hospitali, tumetega masikio kama wambea wenye mshahara. Mimi mwenyewe nilikwenda wodini kutafuta sentensi ya neno subira, nikarudi na mwuguzi.

Hivi karibuni nimepewa ukoo mzima wa fadhila: fadhila yenyewe, kufadhili, mfadhili na jamaa zao. Bi Nukta alinikalisha akanieleza asili yake. Alisema neno hili lilitufikia kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka linabeba maana ya kile kilichozidi, kilichobaki baada ya kila mtu kupewa haki yake. Hata tafadhali ni ndugu wa damu wa neno hilo, maana ukimwambia mtu tafadhali unamwomba azidishe kidogo juu ya anachopaswa. Akalalamika kwamba siku hizi watu wakisikia mfadhili wanafikiria mtu mwenye jina lake juu ya bango na picha ya kukata utepe. Akanituma nikatafute mtu ambaye bado analisema kwa maana yake ya zamani. Nikacheka moyoni, nikasema huyo sina haja ya kumtafuta, wa kwetu anaitwa hivyohivyo.

Najua kisa unakijua, lakini nivumilie nikisimulie kama ninavyokijua mimi, kwa sababu wewe ulikuwa msichana mkubwa na mimi nilikuwa bado nanyonya kidole. Baba alikuwa ametutoka. Cherehani ya Mama ilikatika chuma cha ndani, ikafa kabisa, na Mama akawa anashona nguo za watu kwa mkono mpaka vidole vikawa haviwezi kushika chumvi. Asubuhi moja tukafungua mlango, tukakuta cherehani nyingine kizingitini, imefunikwa gunia. Mama hakuigusa. Aliinama akainusa. Ilinukia mafuta mepesi ya saa, si yale mazito ya cherehani, na mtaani kwetu mwenye mafuta hayo alikuwa mmoja tu, fundi saa wa pale kwenye kona, mtu asiyesema na yeyote isipokuwa kumwambia saa yake iko tayari. Mama akatupanga nyuma yake, tukaenda kumshukuru. Fundi akasema si yeye. Mama akamwambia mfadhili wa kweli siku zote hukana. Kuanzia hapo likawa jina lake, mtaa mzima ukalidaka, mpaka wateja. Wewe peke yako ndiye uliyekataa kumwita hivyo. Ulimwita yule wa saa, na ukiombwa umpelekee kitu ulikuwa unakiweka mlangoni na kurudi bila kuaga.

Kesho yake alikuja nyumbani kukana vizuri, amevaa shati amelifunga vifungo mpaka kooni. Mama akampa chai. Baada ya siku chache akaja tena kukana. Kila akija anakuta jambo. Leo mlango haufungi, anauchonga. Kesho mimi nalia kwa sababu ya hesabu za kugawanya, anakaa nami mpaka zinagawanyika. Wewe ulipoolewa nikaugua surua, na Mama ana nguo za watu za sherehe, aliyekaa kitandani kwangu akinikataza kujikuna alikuwa yeye. Mikutano ya wazazi shuleni alikuwa anakwenda yeye, anakaa nyuma kabisa, haulizi swali. Na nilipomsumbua mno kwa kumuuliza maneno, alinitafutia kamusi kuukuu isiyo na jalada, inayoanzia herufi ya D. Nimekua nikidhani maneno ya A mpaka Ch watu wanazaliwa wanayajua.

Basi Jumamosi nikaenda kibandani kwake. Kile kibanda hakijabadilika, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na saa za ukutani kila moja inasema lake, maana mwenyewe anasema ni wagonjwa na maneno ya mgonjwa hayashikwi. Nilikuwa na mawili, sentensi na ombi. Nikaanza na ombi. Nikamwambia nataka aingie nami ukumbini, asimame pale anaposimama baba, aseme maneno ya kunitoa. Akaweka kibano chini. Akasema hawezi. Mimi nikadhani ni ile tabia yake, nikaanza utani, nikamwambia watu husema fadhila ya punda ni mateke, na mimi sitaki kuwa punda, anipe nafasi nimlipe heshima mbele za watu. Kwa kawaida angecheka puani. Hakucheka. Akasema yeye siye aliyetoa cherehani ile.

Nikacheka, Dada, kama tulivyozoea kucheka wote akisema hivyo. Akaniambia nikae. Akaivua lenzi jichoni, akaiweka kando ya kibano. Nikaacha kucheka.

Akanieleza kwamba cherehani ilitoka kwa mjane wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Unamkumbuka, na mume wake je, yule aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba mishono ya Mama inafumuka ikinyeshewa? Ndio watu tuliokatazwa kupita mbele ya duka lao. Mume alipokufa cherehani yake ikabaki imekaa, na mjane akasikia kwamba Mama anashona kwa mkono. Roho ikamuuma, lakini hakutaka mtu ajue kwamba imemuuma, baada ya maneno yote yale. Akaipeleka kwa fundi saa aisafishe na kuitia mafuta, na alfajiri aibebe aiweke mlangoni kwetu. Akamwapisha asimtaje maadamu yu hai. Ndiyo maana miaka yote ile alikuwa na nusu ya kukana. Aliweza kusema si mimi, hakuweza kusema ni nani. Mjane huyo alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na tangu hapo fundi wetu amekuwa akitafuta namna ya kutuambia, akiogopa. Alisema waziwazi kwamba aliogopa tutafunga mlango.

Akasema ameingia nyumbani kwetu kwa fadhila ya mtu mwingine, akakaa humo, akala humo. Kusimama mahali pa baba, mbele ya watu wanaosema yule ndiye Mfadhili wao, kwake yeye ni wizi. Siku ya harusi atakuja, atakaa nyuma kama jirani.

Nikabishana naye. Nilimmwagia asili ya neno yote kama Bi Nukta alivyonipa. Nikamwambia mjane alitoa cherehani, na Mungu amlipe, lakini je, tulikuwa na haki gani ya kumdai yeye mlango kuchongwa, na kuuguzwa surua, na ile mikutano ya shule? Hicho ndicho kilichozidi, na aliyekitoa ndiye mwenye jina. Akanijibu kwamba hiyo haikuwa fadhila. Mwanzoni alikuwa anatengeneza vitu kwa aibu ya kushukuriwa bure, na baadaye kwa sababu alipenda kuwa pale, na mtu hafadhili mahali anapopenda kuwa. Mtu wa saa huyo, hakupi hata nusu dakika ya ziada. Niliondoka sina sentensi na sina wa kusimama nami. Nililia njia nzima, na mwenye duka la viatu akadhani uchumba umevunjika, akanipa pole ambayo itakuwa imeshafika mtaa wa tatu.

Nyumbani nilimkuta Mama kwenye cherehani ileile. Nikamweleza huku anashona, hata mguu hakuuondoa kwenye kanyagio. Nilipofika kwa mjane, mashine ikasimama. Mama akakata uzi kwa meno. Kisha akacheka, Dada, akacheka mpaka akashika mbavu, nami nimesimama pale machozi hayajakauka. Alipopata pumzi akaniambia kwamba alijua. Haikupita wiki tangu cherehani iletwe, mjane mwenyewe alimjia, uso umekunjwa kama amekuja kugombana. Akamweleza kwamba mashine hiyo inavunja sindano nene, aitumie nyembamba, na mkanda asiukaze sana. Akamwambia pia kwamba akimtajia mtu hata mmoja, atakuja kuichukua kwa mikono yake. Mama akaapa. Kwa hiyo wote wawili waliapa kwa mwanamke mmoja, wakakaa meza moja miaka yote hiyo, kila mmoja akimfichia mwenzake siri ileile.

Nilimkasirikia Mama, nisikufiche. Nilimuuliza kwa nini alimwacha mtu wa watu abebe jina linalomwelemea. Kiapo kilimzuia kumtaja mjane, sawa, lakini angeweza kumwambia tu kwamba amesadiki si yeye, yakaisha. Mama akatafuta tundu la sindano, akanijibu bila kuniangalia. Alisema alikusudia kufanya hivyo ile siku fundi alipokuja na shati lake la vifungo. Lakini alipomaliza kukana akapewa chai, na akakishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu ambaye muda mrefu hajawekewa kitu mezani na mwenzake. Mama akawaza kwamba akisadiki, mtu huyu hatakuwa na sababu ya kurudi. Basi akakataa kusadiki. Na kila alipokuja kukana, Mama akazidi kukataa, ili abaki na kazi ya kuja kukana tena. Mama yetu huyu, Dada, anayetuambia sisi uongo ni dhambi. Alinieleza hayo huku anatunga uzi, hana hata haya.

Kisha akajitanda mtandio wake, na magoti yake yale akashuka ngazi, akaenda mpaka kibandani, mimi nyuma. Akamwambia fundi kwamba anajua, na tangu lini anajua. Mtu yule akasema kwamba basi miaka yote hii amekuwa akija kukana bure. Mama akamjibu kwamba hakuwa akija kukana. Alikuwa akija.

Halafu akaendelea, na hapa ndipo nilipotamani ungekuwepo unifinye. Akamwambia kama jina la Mfadhili limemchosha, aliweke pale mezani pamoja na saa mbovu. Lipo jina jingine ambalo mwanamume anaweza kuitwa katika nyumba ile, lakini hilo inabidi mtu aliombe mwenyewe, na yeye hana mpango wa kusubiri tena kama alivyosubiri. Mfadhili wetu, anayesikia saa imeugua tangu upande wa pili wa barabara, hilo hakulisikia. Akauliza ni jina gani. Mimi nikageukia ukuta nikajifanya nasoma saa. Nilipogeuka, alikuwa amekwisha kuelewa, na jasho linamtiririka kama yuko jikoni.

Siku ya pili akaja mchana, shati limefungwa mpaka kooni, na safari hii hakukana chochote. Aliomba. Mama akamwambia yeye hana pingamizi, lakini ana mtoto wa kwanza, na bila neno la mtoto wa kwanza nyumba hiyo haiamui kitu. Ndipo wote wawili wakaniangalia mimi, mwenye kazi ya maneno.

Kwa hiyo ninakuandikia kwa niaba yao. Amenituma nikuambie kwamba anajua hujapata kumwita Mfadhili hata siku moja, na kwamba nyumba nzima wewe peke yako ndiye uliyekuwa sahihi. Anasema haombi kiti cha Baba. Hicho ni cha Baba, kibaki hapo kilipo, na akiona mtu anakikalia atamwinua yeye mwenyewe. Anaomba kigoda tu, pembeni yake. Ukikataa hatakuwekea kinyongo, ataendelea kuja kama zamani, na siku ya harusi atakaa nyuma kama alivyosema. Ukikubali, atasimama na mimi. Mengine yote ya harusi yako tayari, limebaki hilo lako.

Hayo ni yao. Sasa niseme langu, na uniwie radhi, maana sijalisema kwa mtu. Dada, mimi Baba simkumbuki. Ukinisimulia alivyokuwa akiimba huku ananyoa ndevu, mimi huitikia. Ukiniuliza kama nakumbuka alivyotubeba wawili kwa pamoja, nasema nakumbuka. Sikumbuki. Sauti yake siikumbuki, wala mgongo wake. Nimeitikia miaka yote kwa sababu niliona uchungu kukuacha peke yako na kumbukumbu zile, na kwa sababu ya aibu, kana kwamba ulinipa kitu nikushikie nami nikakipoteza. Nikifumba macho nikatafuta uso wa baba, unaokuja ni wa mtu aliyefinya jicho moja na kubandika lenzi kwenye jingine, ananiambia nizuie pumzi, gurudumu dogo lisiruke. Ndiye wa pekee ninayemwona. Kwa hiyo usinielewe vibaya. Simleti mtu achukue nafasi ya baba yako. Naomba uniruhusu na mimi niwe na wangu.

Nisalimie shemeji, na wanangu mmoja mmoja kwa jina lake wasigombane. Mama anasema mlete vipimo vya nguo vya kweli, si vile unavyojikumbuka. Mchumba wangu anauliza dawa ya kikohozi imefaa au akatafute nyingine. Jibu lako si lazima liwe refu, ukipiga simu ukasema neno moja tu litatosha, na nimekwisha kuwaonya wote wawili kwamba simu hiyo nitaipokea mimi.

Nakupenda, na bado nakuogopa kidogo.

Mdogo wako,
Kidoti